Mkono, miguu au laini? Kwa nini kwotabeki anayewika wiki hii hupotea wiki ijayo

Swali la msomaji: *Sisi tunaishi Minnesota na kila Jumapili tunakusanyika kuangalia Vikings, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani. Ubishi ulianza na kwotabeki (mpiga pasi anayeongoza mashambulizi) Sam Darnold mwishoni mwa msimu wa 2024: msimu mzima alitamba, halafu mechi mbili za mwisho akawa kama mtu mwingine. Tangu hapo kila kwotabeki wetu akitetereka, mmoja anasema hana shabaha, mwingine analaumu laini (wale watano wanaomkinga), wa tatu anasema ni woga. Mtu anayeangalia kwenye televisheni atajuaje nani ana haki?*

Jibu: Mechi hizo mbili ndizo zinazowachanganya, kwa sababu kila moja ilikuwa na tatizo lake na ninyi mnaziweka kwenye kapu moja.

Ya kwanza ilichezwa Detroit Januari 5, 2025. Lions na Vikings wote walikuwa wameshinda 14 na kupoteza 2, na mshindi alikuwa anaondoka na ubingwa wa NFC North, kundi lao, pamoja na nafasi ya kwanza ya NFC nzima, nusu ya timu za ligi ya NFL. Darnold alipiga pasi 41, zikafika 18. Vikings walipata pointi 9, zote za teke, Lions wakapata 31. Siku nane baadaye walikutana na Rams, mechi iliyohamishiwa Arizona kwa sababu ya moto wa Los Angeles. Hapo alipiga pasi 40, zikafika 25, sawa na asilimia 62.5. Msimu mzima alikuwa na asilimia 66, kwa hiyo tofauti si kubwa. Kilichowamaliza ni kwamba aliangushwa akiwa bado na mpira mkononi mara 9, na mara moja mpira ulimchomoka, Jared Verse wa Rams akaudaka na kukimbia nao hadi tachidauni, yaani hadi eneo la mwisho la uwanja ambako pointi hupatikana. Matokeo yalikuwa 27 kwa 9.

Kwa hiyo anayesema "hana shabaha" ana hoja kwa mechi ya Detroit, na hana hoja kwa ile ya Arizona. Anayelaumu laini ni kinyume chake: ana hoja kwa Arizona, hana kwa Detroit, ila na yeye nitamwekea sharti huko chini.

Kabla ya kumhukumu mtu yeyote, ondoeni bahati kwanza. Chukua kwotabeki ambaye pasi zake hufika kwa asilimia 66. Akipiga 30 kwenye mechi, mnategemea zifike 20 hivi. Lakini hata kama hajabadilika kitu, hesabu ya uwezekano inasema katika mechi tatu kati ya nne ataangukia popote kati ya 17 na 22, na mechi ya nne atakuwa nje ya hapo, juu au chini. Pasi 17 kati ya 30 ni asilimia 57, na mtaani wataanza kusema ameisha. Pasi 22 ni asilimia 73, na watasema amerudi. Ni mtu yule yule. Pasi zinazonaswa na wapinzani ni mbaya zaidi kwa udanganyifu huu, maana ni chache. Kwotabeki mzuri ambaye hunaswa pasi 2 katika kila 100, akiwa anapiga 35 kwa mechi, atanaswa mbili au zaidi kwenye mechi moja kati ya kila sita au saba. Kwa msimu wa mechi 17 hizo ni mechi mbili au tatu, na kila moja wiki yake itakuwa na maneno.

Sasa irudieni ile ya Detroit kwa kipimo hicho. Kwa pasi 41 tulitegemea zifike 27, na mtikisiko wa kawaida ni kama 3 juu au chini. Zilifika 18. Zimekosekana 9, yaani mtikisiko wa kawaida mara tatu. Bahati peke yake haifiki huko. Lions wa msimu ule walizoea kuwakaba wapokeaji (wanaokimbia kupokea pasi) mtu kwa mtu huku wakiongeza walinzi wa kumvamia kwotabeki, na baadhi ya pasi zilizopotea karibu na goli zilikuwa za wapokeaji walioachwa wazi. Pasi ya mpokeaji aliye wazi ikipita juu ya kichwa chake, tuache kumtazama mlinzi. Tuangalie miguu ya mpigaji.

Hapa ndipo mashabiki wengi wanapokosea, kwa sababu kamera hufuata mpira na sisi tunaufuata pamoja nayo. Shabaha ya kwotabeki huanzia chini. Anarudi nyuma hatua kwa hesabu: akiupokea mpira moja kwa moja kutoka mikononi mwa senta (mtu wa katikati ya laini anayeanzisha mchezo), hatua tatu, tano au saba; akiwa amesimama yadi tano nyuma, hatua moja, tatu au tano. Kila hatua imefungwa na mbio za mpokeaji fulani. Mguu wa nyuma ukitua, chaguo la kwanza linapaswa kuwa linageuka kuutazama mpira. Kama amekabwa, kwotabeki anaruka kihatua kimoja kidogo mbele na kuhamia chaguo la pili. Kihatua kingine, la tatu. Yote hayo ni kama sekunde mbili na nusu hadi tatu kasoro. Miguu ikienda kasi kuliko mbio za wapokeaji, au ikichelewa, mpira unatoka wakati usio wake hata kama mkono ni wa dhahabu.

Makosa yenyewe yana alama zake. Akikanyaga mbele kwa hatua ndefu mno, nyonga hazifiki juu ya mguu wa mbele, uzito unabaki nyuma, na mpira unapanda juu ya mlengwa. Hilo ni kosa la kawaida sana, na hujitokeza zaidi mtu akiwa na hamu kubwa au haraka, ndiyo maana linapenda mechi kubwa. Akitupa huku anaegemea nyuma kumkwepa mtu, mpira unaelea na kufika mfupi. Hizo ndizo pasi ambazo mabeki wa nyuma huzinasa bila jasho. Akihamisha macho hadi chaguo la tatu lakini miguu ikabaki imeelekea la kwanza, mkono unalazimika kuvuka mwili, na mpira unatua nyuma ya mpokeaji anayekimbia. Hiyo ya mwisho ni rahisi kuiona kwenye marudio: simamisha picha anapoachia mpira, tazama kidole gumba cha mguu wa mbele kinaelekea wapi. Ikiwa hakielekei karibu na mlengwa, umepata jibu.

Na anayesema "woga"? Neno ni kali, lakini kuna kitu cha kweli ndani yake, nacho ni macho. Kwotabeki aliyepigwa sana huacha kutazama uwanja mbele yake na kuanza kuwatazama wanaomjia, hata pale laini imewazuia vizuri. Darnold mwenyewe ndiye mfano unaojulikana zaidi. Oktoba 21, 2019, akiwa na Jets dhidi ya Patriots, maikrofoni ya televisheni ilimnasa akiwa benchi akisema anaona mizimu. Usiku ule pasi zake 11 tu kati ya 32 zilifika, kwa yadi 86, nne zikanaswa, na Jets wakalala 33 kwa 0. Miaka mitano baadaye, akiwa na kocha Kevin O'Connell na wapokeaji kama Justin Jefferson na Jordan Addison, mtu huyo huyo alipiga yadi 4,319 na tachidauni 35, timu ikashinda mechi 14. Anayetaka kuniambia kwamba mkono ulibadilika atanihitaji nimwamini sana.

Mfano unaofundisha kuliko wote, hata hivyo, ni Carson Wentz wa Philadelphia Eagles, kwa sababu misimu yake miwili inalingana kwa namna ya ajabu. Mwaka 2017 alicheza mechi 13 kabla ya kuumia goti, akapiga pasi 440. Mwaka 2020 alicheza mechi 12 kabla ya kuondolewa, akapiga 437. Karibu sawasawa. Msimu wa kwanza watu walimtaja kwenye tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Wa pili ulimwondoa mjini. Sasa tazama: mwaka 2017 zilifika 265, mwaka 2020 zikafika 251. Tofauti ni pasi 14 kwa msimu mzima, kama moja kwa mechi. Kama mngehesabu asilimia tu, mngesema ameshuka kidogo, kutoka 60.2 hadi 57.4. Lakini yadi kwa kila pasi zilianguka kutoka 7.5 hadi 6.0, tachidauni kutoka 33 hadi 16, na pasi zilizonaswa zikapanda kutoka 7 hadi 15. Juu ya hayo aliangushwa mara 50, wingi ambao hakuna mwingine aliufikia mwaka ule.

Kuanguka kule kulikuwa na tabaka kadhaa. Kwanza, 2017 yenyewe ilikuwa juu kuliko kawaida: tachidauni 33 kwa pasi 440 ni asilimia 7.5, wakati wapigaji wengi wa ligi huzunguka kwenye 4 au 5. Hakuna anayekaa huko miaka mingi. Angeshuka hata kama kila kitu kingebaki vile vile. Pili, makocha wawili waliokuwa wakifanya naye kazi kwa karibu, Frank Reich na John DeFilippo, waliondoka baada ya msimu ule wa ubingwa, mmoja kwenda Indianapolis na mwingine hapo kwenu Minnesota. Tatu, laini ya 2020 ilivunjika kabla msimu haujaanza: Brandon Brooks aliumia Juni, Andre Dillard Agosti, na Lane Johnson hakuwepo mechi ya kwanza, ambapo Eagles waliongoza Washington 17 kwa 0 wakaishia kufungwa 27 kwa 17, Wentz akiwa ameangushwa mara 8.

Na hapa ndipo lile sharti langu kwa mlaumu laini. Si kila kuangushwa ni kosa la laini. Wentz wa 2020 alishika mpira mno, akisubiri pasi ndefu huku ile fupi iko wazi miguuni pake. Laini inaahidi muda fulani, si muda wote. Kanuni ninayoitumia ni rahisi: hesabu kimoyomoyo tangu mpira unapoondoka kwa senta. Akiangushwa kabla ya sekunde mbili na nusu, anza na laini, au na nani alisahau kumzuia mtu wa ziada. Akiangushwa baada ya sekunde tatu na nusu, anza na kwotabeki. Katikati hapo mnaweza kuendelea kubishana, sitawanyima raha. Darnold wa 2024 naye alikuwa miongoni mwa wanaoshika mpira kwa muda mrefu, na laini yake ilikuwa imempoteza Christian Darrisaw tangu Oktoba. Mara 9 za Arizona ni za wote wawili.

Jambo jingine linalowapotosha ni ile alama ya mpigapasi mnayoiona kwenye skrini, inayoishia 158.3. Inafaa kujua imetengenezwaje. Gawa pasi zilizofika kwa zilizopigwa, toa 0.3, zidisha kwa 5. Gawa yadi kwa pasi zilizopigwa, toa 3, zidisha kwa 0.25. Gawa tachidauni kwa pasi, zidisha kwa 20. Gawa zilizonaswa kwa pasi, zidisha kwa 25, kisha uitoe hiyo kutoka 2.375. Kila sehemu isizidi 2.375 wala isiwe chini ya sifuri. Jumlisha zote nne, gawa kwa 6, zidisha kwa 100. Kwa Wentz wa 2020, mwenye yadi 2,620, sehemu hizo ni 1.37, 0.75, 0.73 na 1.52, jumla 4.37, alama 72.8. Ya 2017 ni 101.9. Sasa tafuteni humo mahali pa kuangushwa, pa mpira kuchomoka mkononi, pa kukimbia. Hakuna. Mara 50 za kuangushwa hazikumpunguzia hata nukta. Alama hiyo pia haijui kama pasi ilinaswa baada ya kugonga mikono ya mpokeaji wake mwenyewe.

Wakati mwingine mporomoko hauko kwa kwotabeki wala laini, uko upande wa pili wa uwanja. Mwaka 2021 timu nyingi ziliacha kumkabili Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City Chiefs, kwa kuthubutu; zikaweka mabeki wawili wa nyuma kabisa na kumwambia, kwa vitendo, pasi ndefu hupati, chukua yadi tano. Yeye na Chiefs waliendelea kuitafuta ndefu. Oktoba 24 walifungwa na Titans 27 kwa 3, wakawa wameshinda 3 na kupoteza 4. Mkono ulikuwa ule ule. Walipokubali kula kidogo kidogo, walishinda nane mfululizo na kumaliza na ushindi 12. Dalili ya aina hii ya mporomoko ni kwamba pasi mbaya zimejaa kwenye umbali mrefu na kwenye dauni (jaribio moja kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi) ya pili na ya tatu zenye yadi nyingi, wakati pasi fupi zinafika kama kawaida.

Mwenzenu anayesema mtu huzaliwa na shabaha au hazaliwi nayo, mpeni mfano wa Josh Allen, kwotabeki wa Buffalo. Mwaka 2018 zilifika asilimia 52.8, 2019 zikawa 58.8, na 2020 zikawa 69.2. Nyuma ya hapo kulikuwa na kazi ya miguu na nyonga aliyoifanya miezi ya mapumziko na mkufunzi Jordan Palmer, miaka mitatu chini ya mwalimu mmoja wa mashambulizi, Brian Daboll, na wapokeaji wa maana: John Brown na Cole Beasley mwaka 2019, kisha Stefon Diggs, ambaye nyie mnamjua vizuri na bado mnamsikitikia, aliyedaka pasi 127 mwaka 2020. Angalieni muda uliotumika. Ni misimu, si wiki. Kurekebisha hatua katikati ya msimu ni kugumu kwa sababu mazoezi yenyewe ni machache. Mkataba wa wachezaji unaruhusu mazoezi 14 tu ya kuvaa vifaa kamili msimu mzima wa kawaida.

Basi Jumapili fanyeni hivi. Mmoja wenu ashike daftari na aandike pasi ambazo hazikufika tu. Kwa kawaida hazizidi kumi na tano. Kila moja ipewe sababu moja: ilifika mikononi ikadondoshwa; aliitupa nje makusudi; iliguswa na mlinzi pale mbele au alipigwa akiwa anatupa; yeye na mpokeaji hawakuelewana, mmoja alisimama mwingine akaendelea; aliipiga kwa mtu aliyekabwa na wawili; au mpokeaji alikuwa wazi, yeye hakuguswa, na mpira ukaenda pasipo. Ni hilo kundi la mwisho peke yake linaloitwa kukosa shabaha. Msishangae likiwa na pasi tatu au nne tu kwenye mechi ambayo mlikuwa tayari kumfukuza mtu. Likifika saba au nane, na ikajirudia mechi ya pili, hapo semeni.

Picha ya kawaida ya televisheni haitoshi kwa kundi la "hawakuelewana" na la "aliyekabwa", kwa kuwa wapokeaji hutoka nje ya skrini. NFL huuza, kupitia huduma yake ya NFL+, video ya makocha inayopigwa kutoka juu ikiwaonyesha wachezaji wote 22. Gharamieni pamoja mwezi mmoja muone. Na Jumatano hadi Ijumaa msiache kupitia ripoti ya majeruhi ambayo ligi inazilazimisha timu kuitoa: kwotabeki aliyefanya mazoezi nusu kwa sababu ya bega, kidole gumba cha mkono wa kutupia au mbavu, siku ya mechi huenda akapiga pasi ndefu zinazoishiwa nguvu, na hakuna kocha atakayewaeleza sababu. Upepo mkali nao uandikwe, isipokuwa kwenye viwanja vilivyofunikwa kama wa kwenu.

Mkishapata kundi lililojaa, mtajua pia kocha anatakiwa kufanya nini, na mtaona kama anafanya. Pasi zinazopanda juu zinatibiwa kwa pasi fupi za hatua tatu ili miguu ipate mdundo wake. Kuangushwa mapema kunatibiwa kwa kubakiza wazuiaji saba badala ya watano, hata ikigharimu wapokeaji wawili. Macho yaliyoshuka yanatibiwa kwa kumhamisha: unafanya kama unamkabidhi mkimbiaji mpira, kisha kwotabeki anakimbilia pembeni ambako anatakiwa kusoma nusu ya uwanja tu. Mabeki wawili wa nyuma wanatibiwa kwa kumpa mkimbiaji mpira akimbie nao hadi mmoja wao alazimike kusogea mbele.

Kuhusu kumbadilisha: pasi 120, yaani kama mechi nne, bado zina mtikisiko wa asilimia 4 hivi juu au chini. Aliyeshuka kutoka 66 hadi 61 kwa mechi nne mwacheni acheze. Aliyeshuka hadi 52, daftari lenu likionyesha kundi la wazi-lakini-zimekosa limejaa na kocha amekwisha kujaribu tiba hizo, ana haki ya kukaa benchi. Eagles walimvumilia Wentz hadi robo ya tatu ya mechi ya Green Bay, Desemba 6, 2020, ndipo wakamwingiza Jalen Hurts. Kwa hesabu zangu walichelewa wiki nne.